Watu wa Kunisemea

Jumatatu, 13 Februari 1989

Ahmed amekuja. Hakukaa. Huyu shemeji yangu akiwa na habari njema hukaa, huvua viatu, huitisha chai ya pili. Leo amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, anaangalia uwanja wangu mtupu. Lori moja tu! Na hilo moja lenyewe limevunjika giaboksi, haliwezi kwenda kwingine hata likitaka.

Anasema uwanja wa marehemu kaka yake hauwezi kukaa hivi, ni aibu kwa ukoo. Kuna mtu wa mahindi anautaka awe akiweka magunia yake. Nikishindwa kurudisha malori kabla ya Ramadhani, anampa. Na mimi je? Mimi nitaenda Isiolo nikae na mama mkwe. "Upumzike," ati. Nipumzike nini? Mimi si mzee! Nimezaliwa hapa Eldoret, nimesoma hapa, nimeolewa hapa, nimezika mume hapa. Hatukujaliwa mtoto, kwa hivyo wanadhani sina mizizi. Isiolo nimeenda kwa harusi na matanga tu.

Sikumjibu vibaya. Nilisema, sawa shemeji. Halafu nikaingia jikoni nikamgombeza mpishi bure, maskini, hata hakujua amekosa nini.

Loji hii ya kulaza madereva ndiyo nyumba yangu. Sitoki. Naandika tena: sitoki!

Jumatano, 15 Februari

Shitanda amelala hapa jana. Ndiye dereva pekee ambaye bado ananionea huruma. Asubuhi nilimwekea chai na mahamri, nikamuuliza wazi: kwa nini wenzako wanapita hapa kama hawanijui?

Akakuna kichwa. Mama, anasema, ni ile mambo ya Desemba.

Najua ni mambo ya Desemba! Lori la mtu wa Nakuru lililala uwanjani, asubuhi turubai imekatwa na marobota ya mitumba hayapo. Geti limefungwa vizuri, kufuli iko mahali pake. Polisi wakaja, wakanywa chai, wakaenda. Tangu siku hiyo madereva wakifika Eldoret wanageuka kushoto kwa yule jirani mwenye baa, walale na kelele za walevi.

Lakini Shitanda ana habari. Tajiri wake, Haji Osman, anatafuta mahali pamoja Eldoret ambapo malori yake yote yatakuwa yakilala, yakipanda Uganda na yakirudi. Yote! Yale malori yakija hapa, yule mtu wa mahindi atafute uwanja mwingine. Nikasema basi nitampigia Haji simu, nimkaribishe, nimchinjie mbuzi.

Shitanda akacheka mpaka chai ikampalia. Hatakuja kwako kwanza, anasema. Haji hamuulizi mtu habari zake mwenyewe, kwa sababu kila mtu atajisifu. Anaanzia mbali. Atasimama Timboroa kwa muuza chai, atasimama petroli stesheni, atapita hata Moi's Bridge kwa watu wa mahindi, na kila mahali atauliza swali moja: nikifika Eldoret, malori yangu yalale wapi? Jina linalotajwa na watu wengi ndilo la kwanza. Linalofuata ni la pili. Usipotajwa, kwa Haji wewe hupo duniani.

Na midomo haiko sawa, Shitanda anasema. Neno la mtu ambaye wasafiri wote humuuliza njia ni zito. Neno la mlevi wa stendi halihesabiwi.

Nimefikiria mchana kutwa. Ni nani ananitaja mimi huko njiani? Hakuna. Hata mmoja! Zamani mume wangu ndiye alijua kuzungumza na watu, mimi nilikuwa nyuma na masufuria. Sasa amekwenda na watu wake wote.

Ijumaa, 17 Februari

Nimeamua. Hawanitaji, basi nitawafundisha kunitaja.

Nimemwambia Hussein, mlinzi wangu wa geti. Ndugu yangu alikuwa ameketi kwa kile kijumba cha geti, shavu limejaa miraa. Akasema dada una akili kuliko wanaume wa mji huu. Nikafurahi, halafu nikamwambia wewe nawe ukae macho, malori yakirudi sitaki kusikia tena turubai imekatwa. Akatema. Akasema, kwani ni mimi niliikata?

Sikusema ni yeye. Hakuna aliyesema ni yeye.

Isipokuwa Selpha. Selpha Nanzala, mwenye kioski ng'ambo ya barabara. Alikuja mwezi wa kwanza, akafunga mlango, akaniambia ati kwa macho yake alimwona Hussein akifungua geti la nyuma usiku ule, na pikapu ikaingia taa zimezimwa. Nilimfukuza! Mwanamke aliyenishika mkono siku ya kufiwa, aliyenipikia uji nikiwa sijiwezi, anakuja kuniambia ndugu yangu ni mwizi! Usiku ule hata stima zilikuwa zimepotea. Angeona nini? Tangu siku hiyo hatusalimiani. Akifagia upande wake, mimi naingia ndani.

Mama yetu alipokuwa anakufa aliniachia Hussein mkononi. Hayo Selpha hayajui. Au anayajua, lakini basi.

Jumapili, 19 Februari

Timboroa. Baridi! Nimerudi vidole havishiki kalamu.

Hapo malori yanaposimama kuna mama anaitwa Kavetsa, Mmaragoli, mnene, mcheshi, anauza chai na viazi vya kuchemsha. Nimekaa kwa benchi yake muda mrefu nikimwangalia tu. Kila dereva anamuuliza kitu. Barabara ya mbele ikoje? Polisi wako wapi leo? Nani ana spea? Nikajua huyu ndiye.

Nimempa leso mpya, doti nzima, ya rangi ya machungwa. Akaikunjua, akaipiga begani, akazunguka, madereva wakapiga makofi. Nikamfundisha maneno: "Eldoret? Lala kwa Mama Habiba. Ukuta mrefu, maji moto, mlinzi yuko macho." Akarudia mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawasawa.

Akaniuliza, lakini mama, mimi sijafika kwako hata siku moja, hiyo ukuta nimeijulia wapi?

Nikamwambia haidhuru, si nimekuambia mimi.

Akacheka. Kwani kusema kunauma? Akanichagulia viazi vikubwa vya kula njiani.

Alhamisi, 23 Februari

Moi's Bridge jana, na leo hapa mjini. Nimechoka lakini nimefurahi. Kumbe kazi hii ninaiweza!

Kipkorir wa mahindi (si yule anayeutaka uwanja wangu) hakutaka zawadi. Ni mtu wa maneno machache, anaongea akikagua punje kiganjani. Akasema mama, wewe utakuwa na madereva wanaorudi na lori tupu, mimi nina magunia yanayotafuta lori. Nitumie hao, na mimi nikiulizwa nitataja jina yako. Nikaona haya ni sawa kabisa, hata si hongo. Nimnyooshee kidole, naye aninyooshee. Nikamwachia maneno yale yale: ukuta mrefu, maji moto, mlinzi yuko macho. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa punje zake.

Nicanor wa petroli stesheni ya pale unapoingia mjini, naye hivyo hivyo. Madereva wangu wajaze kwake, yeye awaelekeze kwangu. Tumeshikana mikono.

Halafu kinyozi wa Munyaka. Halafu mwenye kuziba pancha. Halafu mchana wamepita vijana wa chama tawala kuuza kadi. Ninayo, nikawaonyesha, wakataka kwenda. Nikasema ngojeni kwanza, kaeni, soda hii hapa. Nikawafundisha hata wao! Walisimama wima wakayasema yote pamoja kama kiapo: ukuta mrefu, maji moto, mlinzi yuko macho. Mpishi alitoka jikoni akidhani kuna mkutano.

Kwa mara ya kwanza tangu Desemba nimecheka mpaka machozi.

Ukuta ni mrefu, hiyo ni kweli. Maji ni moto, asubuhi.

Jumamosi, 25 Februari

Shitanda amenikumbusha jambo ambalo nilikuwa najifanya sijalisikia. Haji akishamaliza njia yote, humalizia kwa jirani wa karibu kabisa. Na jirani wa karibu ni Selpha.

Nimemeza kiburi. Kimepita kwa shida. Nimenunua halua nzuri, nimejitanda vizuri, nimevuka barabara.

Alikuwa anakoroga chai. Hakuacha kukoroga. Nikamwambia salamu, akaitikia. Nikamwambia shida yangu yote, Ahmed, mtu wa mahindi, Isiolo. Hapo akaacha mwiko. Akasema, Isiolo? Wewe? Nikaona macho yake yamelegea, nikadhani nimeshinda. Nikamwambia maneno ya kusema.

Akasema, Habiba, hayo sisemi.

Kwa nini?

Hiyo ya mlinzi sisemi. Nikiulizwa nitasema nilichoona. Ukitaka ninyamaze, nitanyamaza, kwa sababu ya yale tuliyokula pamoja. Lakini nisimame mbele ya mzee wa watu niseme mlinzi yuko macho? Macho alikuwa nayo, Habiba. Ndiyo yalimwonyesha kufuli.

Nikamwambia wewe una wivu, hujapata kuwa na ukuta wako mwenyewe. Wateja wake wakainamia vikombe. Yeye hakupandisha sauti. Mtoe Hussein kwa hiyo geti, akasema, na mimi nitakusemea bure kutoka hapa mpaka Malaba.

Nikaondoka. Halua niliiacha pale kwa benchi. Baadaye kupitia dirishani nimemwona akiwagawia wateja, kipande kipande, yeye mwenyewe hakuonja.

Sikupaswa kumwambia yale ya ukuta. Nimemwambia lakini.

Jumatano, 1 Machi

Nimeshinda! Nimeshinda! Shitanda ameingia uwanjani akipiga honi kama wa harusi. Haji amepita njia nzima na kila mahali ni jina moja. Timboroa, Mama Habiba. Petroli stesheni, Mama Habiba. Moi's Bridge, Mama Habiba. Hata kijana wa chama aliyekutana naye barabarani, kabla hajaulizwa vizuri, amemwambia ukuta mrefu, maji moto! Yule mwenye baa ametajwa na watu wawili, na mmoja ni mke wake. Kwa Selpha tu bado hajafika.

Nimepika pilau. Nimewapa wote, hata fundi wa giaboksi. Ahmed amesikia, sijui kwa nani. Amepita jioni, amekaa, amevua viatu.

Neno moja tu limeniingia na halitoki. Shitanda anasema Haji alicheka. Alisema, huyu mama ameifundisha njia nzima kama watoto wa nasari, wote wimbo mmoja. Nikamuuliza Shitanda, alicheka vipi? Kwa kufurahi au vipi? Anasema, mama, alicheka tu. Halafu akaanza kuwauliza watu majina yao.

Majina ya nini?

Shitanda hajui. Haji haandiki kitu, anaweka kichwani.

Ijumaa, 3 Machi

Kavetsa amekuja. Kutoka Timboroa mpaka hapa! Nilimwona getini na kifurushi nikadhani ameleta viazi. Nikamkimbilia. Lakini hakucheka. Alisimama kwanza akauangalia ukuta, akauangalia wote, huku na huku, kama mtu anayetaka kuununua.

Kifurushi ni ile leso. Imefuliwa, imekunjwa.

Anasema mzee alimuuliza jina lake, na la mume wake, na mahali wanapokaa. Akajibu, akidhani ni heshima tu. Halafu mzee akamwambia kwa upole kabisa: sasa Kavetsa, ni wewe umeyalaza malori yangu. Kitu changu kikipotea kwa huyo mama, sitamwendea yeye. Nitakuja hapa kwako.

Kavetsa anasema hajalala tangu siku hiyo. Mume wake amemgombeza. Mama, anasema, mimi nauza viazi. Marobota ya watu nitayatoa wapi? Nilisema kama kusema tu. Tena nimesikia kwa madereva hii mambo yako ya Desemba, na wewe hukuniambia. Hapo akanitazama. Kwa nini hukuniambia?

Nilimpa chai, hakunywa.

Ee Mungu, na mimi niliijua desturi hii! Huko kwa kina Haji, na kwetu pia, anayemwelekeza mgeni mlango ndiye anayemjibia. Nilipokuwa mdogo baba yangu alimwelekeza mfanyabiashara kwa nyumba fulani, na mle ndani mgeni akaibiwa mnyama wake. Baba alitoa ngamia wake mwenyewe, mzuri, wa maziwa, aliyekuwa akifugiwa na jamaa kaskazini. Mama alilia. Baba akasema, si mimi niliyemwonyesha? Yote haya nayakumbuka. Lakini nilidhani ni mambo yetu sisi kwa sisi. Haikunipitikia akilini kwamba Haji atakwenda nayo mpaka kwa mama Mmaragoli anayechemsha viazi Timboroa. Mimi Kavetsa nilimtaka mdomo tu. Haji amemhesabu kama mtu mzima mwenye neno lake. Nimeona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yamewaka.

Alipoondoka nilitaka kumrudishia leso. Amekataa.

Jumapili, 5 Machi

Kipkorir ametuma salamu kwa dereva. Anasema hana ubaya na mimi, ila ana watoto, na amekwenda mwenyewe kumwambia Haji afute jina lake. Biashara ya magunia tuendelee, ile ingine tuache.

Nicanor ameniona natoka sokoni, akaingia chini ya lori kuangalia oili. Nilingoja. Hakutoka! Mtu mzima, amelala chini ya lori na sare nyeupe.

Kinyozi naye. Mwenye pancha naye. Vijana wa chama wanasema hawajawahi kuniona na soda wanaikana.

Basi, mmoja mmoja mpaka wameisha. Nilivyowaokota ndivyo walivyodondoka. Ahmed hajakaa leo. Amesema kwa dirisha la gari, habari zimenifikia, na akataja Isiolo tena.

Nimelia mchana, nikiwa nimefungulia redio isisikike.

Jumatatu, 6 Machi

Nimemuuliza Hussein. Nimemuuliza kweli, si kwa kuzunguka.

Nilikwenda kwa kijumba cha geti baada ya chakula cha mchana, nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia: watu wote walionisemea wamekimbia, na kila mmoja amekimbia kwa ajili ya Desemba. Niambie.

Alianza kwa kelele. Ati nimemsikiliza Selpha, ati ndugu hana thamani, ati ataondoka leo hii aende Garissa. Nilimwacha apige kelele. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kumnyamazisha. Kelele zikaisha zenyewe. Halafu akaniambia.

Mtu alikuja, anasema. Akamwambia mzigo ni wake, amekosana na tajiri wa lori, anachukua kilicho chake tu. Akampa kitu kidogo. Miraa pia. Hussein akafungua. Alipoona turubai inakatwa akajua amedanganywa, lakini ameshafungua, angesema nini?

Ungeniamsha, nikamwambia. Nilikuwa pale, nyuma ya ukuta mmoja.

Niliona aibu, dada.

Akaanza kulia. Mwanaume mwenye ndevu! Akanishika miguu, usiseme, wataniua, watanifunga, usimwambie Ahmed. Nikaweka mkono kwenye kichwa chake, kama alipokuwa mdogo. Sikusema nitasema. Sikusema sitasema.

Afadhali ningebaki sijui. Hapana, huo ni uongo. Nilijua tangu mwezi wa kwanza, tangu Selpha alipofunga ule mlango. Ndiyo maana nilimfukuza kwa kelele zote zile.

Jumanne, 7 Machi

Haji anakuja kesho. Sijala. Mpishi ameuliza mara mbili apike nini, nikamwambia pika unachojua.

Hussein anafagia uwanja tangu asubuhi. Hakuna aliyemtuma.

Jumatano, 8 Machi

Naandika haraka.

Haji amefika kabla ya adhuhuri. Ni mzee mwembamba, mpole, anatembea na fimbo na hajishughulishi nayo sana. Nilidhani ataangalia vyumba. Hakuangalia hata kimoja. Alipita uwanjani, akagusa ukuta, akaomba maji, akaketi pale nje kwenye kiti cha marehemu. Ahmed amekuja pia, amesimama nyuma yake kama wakili. Shitanda yuko kwa lori lake. Hussein getini.

Haji akasema: mama, njia nzima ilikusemea, na njia nzima imejitoa. Mimi sisemi wewe ni mbaya. Nimekula kwa mume wako, alikuwa mtu mzuri. Sihitaji watu wengi. Nataka mmoja tu, wa kusimama. Yuko?

Nikamtazama Shitanda, akatazama tairi. Nikamtazama Ahmed. Shemeji yangu, damu ya mume wangu! Akaanza kusafisha miwani.

Wallahi, nimewahi kufiwa, lakini upweke kama ule sijauona.

Halafu nikasikia kandambili. Selpha anavuka barabara, anapangusa mikono kwa aproni. Hakuna aliyemwita. Ameingia getini, amempita Hussein bila kumtazama, amesimama mbele ya Haji na kumsalimia kwa mikono miwili. Akasema: Mzee, mimi ni Selpha Nanzala, bwana yangu ni Wepukhulu, kioski yangu ni hiyo unaona hapo. Sina kitu ingine. Mimi nitasimama.

Nilidhani naota.

Lakini, akasema, kuna swali nitamuuliza huyu mama mbele yako. Vile atajibu, mimi nasimama na jibu lake. Likiwa zuri, likiwa baya, ni langu pia.

Haji akasema, uliza.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira! Akaniuliza: Habiba, ile siku ya Desemba, ni nani alifungua geti?

Nikaona watu wote wamenigeukia. Nikafungua mdomo. Nikasema, naomba niswali kwanza. Haji akasema, swala ni kwanza, akainuka naye akatafuta maji ya kutawadha.

Nimeswali. Sijui nimesoma nini. Nilipotoa salamu nikajikuta nimeshika kalamu, astaghfirullah, badala ya kutoka.

Nikisema sijui, Selpha atasimama. Najua atasimama, ameshasema mbele ya watu, na huyo si Kavetsa wa kurudisha leso. Ataweka kioski yake na watoto wake juu ya uongo wangu, na yeye anajua ni uongo, na atasimama hivyo hivyo. Mungu wangu, ni mtu gani huyu! Na mimi nilimwambia hana ukuta.

Nikisema, basi ni Hussein. Haji atamfanya nini? Yule tajiri wa Nakuru? Polisi? Na Ahmed atapata la kusema mpaka siku ya kiyama: mwizi alikuwa wa ukoo wa mke. Loji itakwenda au itabaki, sijui. Mama, uliniachia mtoto mmoja tu nimtunze.

Nawaona kupitia dirishani. Haji amemaliza, anakunja mkeka. Ahmed anaangalia saa. Selpha hajarudi kwake, chai yake inafurika motoni na wateja wanajimiminia wenyewe. Hussein amesimama katikati ya uwanja, peke yake, shavuni hana kitu leo.

Selpha anaita. Habiba, tunakungoja.

Nimeitika. Nimesema, "Naja, dada yangu." Sijamwita hivyo tangu mwezi wa kwanza. Kila mtu amesikia. Hussein amesikia. Ameangalia huku dirishani, amemsogelea Haji, na sasa anainama, anaweka funguo za geti chini, polepole, mbele ya miguu ya Haji —